Bei ya Mkuyuni

Marafiki zangu wa Dar es Salaam wana swali moja wasilolichoka: "Huko maisha si rahisi?" Wanakusudia bei. Wamesikia kwamba huku Mkuyuni, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, mkungu wa ndizi unauzwa kwa pesa ya kutupa, kwamba mafenesi huoza chini ya mti kwa kukosa mlaji, kwamba kodi ya nyumba nzima huku haifiki kodi ya chumba na sebule kule Tabata. Yote hayo ni kweli. Lakini anayehama kwa hesabu hiyo peke yake, kabla masika ya pili haijaisha utamkuta stendi ya Msamvu na mabegi yake, anatafuta basi la kurudi.

Nimeishi huku tangu 2021. Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kwamba maisha ya kijijini yana bei yake, ila hailipwi kwa pesa. Mjini nilikuwa natoa pesa ili nisimtegemee mtu. Nalipia maji, mlinzi, dada wa kazi, bodaboda, na jioni nafunga geti bila kujua jirani wa ukuta wa pili ana watoto wangapi. Mkuyuni pesa inanunua vitu vichache tu. Vingine vyote utavilipia kwa muda wako, kwa nguvu za mwili wako, na kwa kuonekana pale wenzako walipo.

Sikuja kama mgeni kabisa. Mama yangu ni Mluguru wa upande huu wa mashariki ya milima; mimi nimezaliwa na kukulia Dar. Mume wangu ni Mnyaturu wa Singida, fundi umeme, mtu aliyezoea uwanda mkavu ambako unamwona mgeni kabla hajafika. Ofisi niliyokuwa nikifanyia uhasibu ilipopunguza watu, tulikaa tukapiga hesabu ya ada, kodi na saa tulizokuwa tunazipoteza kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Jiji lile, ambalo sensa ya 2022 ilikuja kulihesabia watu zaidi ya milioni 5.3, lilikuwa limeanza kutuzidi nguvu. Mume wangu ndiye aliyesema, "Fundi ana kazi popote penye nguzo za umeme." Nguzo za REA, wakala wa nishati vijijini, zilikuwa zimeshafika kijijini kwao mama. Tukafunga mizigo.

Kitu cha kwanza kinachomfundisha adabu mtu wa mjini ni mvua. Ukitoka Morogoro mjini unapita Bigwa, unapita Kiroka, ndipo unafika Mkuyuni, na barabara inaendelea Matombo na Mvuha mpaka Kisaki. Upande huu wa Uluguru ndio unaopokea mawingu ya Bahari ya Hindi. Huko juu milimani mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mji wa Morogoro, ulio nyuma ya mlima, haupati hata nusu ya hiyo. Ndiyo sababu huku kuna karafuu, pilipili manga, mdalasini, nanasi na migomba inayojiotea yenyewe. Ndiyo sababu pia kuna siku gari haliji. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR inamtoa mtu Dar na kumfikisha Morogoro kwa chini ya saa mbili. Kipande kilichobaki, kutoka mjini hadi mlangoni kwangu, siku ya mvua kubwa kinaweza kula muda mrefu kuliko treni nzima. Kwa hiyo huku hatuahidiani saa. Tunaambiana "nitafika mvua ikiniruhusu," na hakuna anayenuna.

Baada ya mvua, mboga. Wiki zetu za mwanzo nilitoka asubuhi na kikapu kutafuta wa kuniuzia mchicha. Siku ya gulio unapata kila kitu, lakini katikati ya wiki hakuna genge. Nikamkuta bibi jirani anachuma majani ya maboga nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Naomba uniuzie mboga kidogo."

Akanitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akaegemea jembe. "Mboga nikuuzie mimi? Kwani wewe huna mama?" Akanijazia kikapu, na pesa yangu akairudisha mkononi mwangu akaikunja na vidole vyangu. Baada ya siku chache akamtuma mjukuu wake: bibi anaomba chumvi. Juma lililofuata akaja mwenyewe, anataka mume wangu amtazamie soketi inayotoa cheche. Msimu wa kupalilia akanipitia alfajiri na jembe begani, bila kuuliza kama nina nafasi. Mchicha ule wa bure ndio mboga iliyonigharimu kuliko zote nilizowahi kula, na sijutii hata jani moja. Ningeununua, tungemalizana pale pale, na jirani uliyemalizana naye huna sababu ya kumgongea usiku.

Ardhi nayo ina mambo yake, na hapa ndipo watu wengi wa mjini wanapoumia. Mtu wa Dar anauliza ekari moja ni shilingi ngapi. Uluguru swali hilo linakuja mwisho. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na ardhi ya jadi hufuata njia hiyo hiyo: mwenye kauli ni mjomba, na mwanamume aliyeoa akalima upande wa mkewe ni mkwe, hata akikaa hapo mpaka mvi. Zamani anayelima ardhi ya ukoo usio wake alimpelekea mkuu wa ukoo ule zawadi ya kutambua, iliyoitwa ngoto. Siku hizi mauzo yapo, na wapimaji wapo, lakini kumbukumbu ya nani ni wa nani haijafutika.

Mjomba wangu alituonyesha mipaka ya shamba kwa miguu. Tulianzia kwenye mfenesi, tukashuka hadi korongoni, tukafuata jiwe kubwa lenye ukoga, tukapanda tena. Hakuwa na karatasi. Kila tulipofika alitaja jina la aliyelima hapo kabla, na mama wa huyo aliyelima. Tulipomaliza akakaa kwenye gogo, akamgeukia mume wangu.

"Mkwe, hapa utalima. Mahindi, mihogo, mpunga kule bondeni, hata nanasi. Usiniulize. Lakini mti uniombe kwanza."

Mume wangu, ambaye alikuwa ameshaagiza miche ya mikarafuu, akauliza kwa upole tofauti iko wapi.

"Mahindi yanaondoka na msimu wake," mjomba akasema. "Mkarafuu utakuzika wewe, utanizika na mimi. Wajukuu wakija, watasema aliyeupanda ndiye mwenye shamba. Sasa tukiwa hai ndio wakati wa kusema nani ni nani."

Kwa Mnyaturu aliyelelewa akijua shamba linatoka kwa baba kwenda kwa mwana, hayo yalikuwa maneno mazito. Lakini alielewa haraka kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mjomba hakumnyima. Alimwambia aombe mbele ya watu. Tukaita wazee wa ukoo, tukapika, ikasemwa kwamba mikarafuu ni ya watoto wangu, na watoto wangu ni wa ukoo huu. Mikarafuu ikapandwa. Mkarafuu huchukua miaka mitano na kuendelea kabla haujakupa hata gunia la kusema, kwa hiyo mtu anayetaka faida ya mwaka huu asiupande kabisa.

Kisha tukaenda ofisi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inalikabidhi Baraza la Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, inatambua umiliki wa kimila na kuutolea hati, na inamlinda mwanamke sawa na mwanamume. Wako wanaodhani ukishapata muhuri wa mtendaji huna haja ya mjomba, na wako wanaodhani ukiwa na mjomba huna haja ya muhuri. Niliyoyaona hapa yamenifundisha kwamba karatasi bila wazee ni kesi yako, na wazee bila karatasi ni kesi ya wanao. Vyote viwili vinataka ukae kikaoni, usikilize maneno marefu, urudi tena wiki ijayo kwa sababu akidi haikutimia.

Kuna historia nyuma ya uvumilivu huo. Kuanzia 1950 serikali ya kikoloni ilileta hapa mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Wataalamu walitazama miteremko, wakaona udongo unavyoshuka mtoni, wakaamuru kila mtu achimbe matuta ya ngazi. Tatizo walilitambua sawasawa; dawa ndiyo iliyokuwa ya kulazimisha. Sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni utandu mwembamba juu. Ukichimba ngazi unaufukia huo na kuleta juu udongo usiootesha kitu. Watu walichimba kwa shuruti, mazao hayakuongezeka, na Julai 1955 hasira zikalipuka huko Matombo, polisi wakatumia nguvu, mtu akauawa. Mpango ule ukafa.

Wazee wa hapa bado wanazungumzia "mambo ya matuta" kana kwamba yalitokea juzi. Lakini jambo linalonifurahisha ni hili: leo kuna wakulima wa Uluguru wanaochimba matuta yale yale kwa hiari yao. Wanaweka mbolea ya samadi na majani, wanapanda nyasi kwenye kingo, wengine wakiwa wamejifunza kupitia shirika la Sustainable Agriculture Tanzania lililoko Morogoro. Mlima ni ule ule na jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kuna aliyekuja kuonyesha kwanza, akangoja watu waone mavuno. Nawaambia wanaohama na daftari la mradi kutoka mjini: shamba la mfano liwe lako. Ukifanikiwa, majirani watakuja wenyewe kuomba mbegu. Ukianza kwa kuwaelekeza, watakusikiliza kwa heshima zote, watakuitikia, na hawatafanya hata moja.

Nije kwenye misiba, maana hapa ndipo kijiji kinapomjua mtu. Mara ya kwanza ulipotokea msiba kitongojini kwetu, bibi jirani alinipitia mapema kunielekeza, akijua nimetoka mjini ambako rambirambi hutumwa kwa simu na mtu akaonekana ameshiriki.

"Pesa watazipokea," akaniambia. "Kuna kijana pale ana daftari, ataandika jina lako. Lakini wanawake wana daftari lao, na hilo haliandikwi."

Nikavaa khanga, nikabeba unga na kuni. Nilikuta vyungu na masufuria yameinjikwa kwenye mafiga chini ya mwembe. Hakuna aliyenipangia kazi. Mmoja akasogea akanipisha kwenye mwiko, nikasonga ugali wa sufuria ambalo mtoto wa miaka mitatu angeweza kuogelea ndani yake, jasho linatiririka, moshi machoni, wanawake wa umri wa mama yangu wakinitania kwamba watu wa Dar husonga ugali wa kula kuku. Tulishinda pale mpaka mazishi, tukalala msibani kwenye mikeka. Tulipotoka, mwanamke ambaye alikuwa hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu aliniita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, Mama Fulani. Tangu siku hiyo sijaitwa mgeni.

Usifikiri ni mapenzi matupu. Ni bima. Mjini nilikuwa na bima ya kadi. Huku tulipohamia kadi ilikuwapo pia: ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa (CHF), kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na ilisaidia kwenye zahanati na kituo cha afya. Lakini mwanangu alipopandwa na degedege usiku wa mvua, kilichotakiwa kwanza hakikuwa kadi. Ilitakiwa pikipiki, mtu wa kuiendesha gizani kwenye utelezi, wanaume wawili wa kuisukuma pale ilipokwama, na mtu wa kubaki na mtoto mwingine nyumbani. Mume wangu alipiga kelele mara moja tu. Watu walitoka. Mtoto alipona. Sikuulizwa bei na mtu, na kila mmoja wao alikuwa ameshawahi kuniona mahali fulani nimekaa kwenye mkeka.

Upande wa kipato, sitapamba. Atakayekuambia kilimo kinalipa muulize kinamlipa nani. Mnunuzi anakuja na fuso mpaka barabarani, anajua kwamba ndizi zako zimekatwa na haziwezi kungoja, anajua mvua inakuja. Bei anaitaja yeye. Ndizi ile ile ikifika Mabibo, kwenye soko linaloitwa Mahakama ya Ndizi, inakuwa imebadilika hadhi. Magunia ya mazao yanajazwa lumbesa mpaka yanaota kofia, na kichwa hicho cha gunia hakilipwi. Nanasi ndilo gumu zaidi: unalisubiri zaidi ya mwaka, halafu linaiva pamoja na la kila mtu, na wiki hiyo unaweza kulisha ng'ombe kama unao. Kinachosaidia kidogo ni viungo vinavyokauka, pilipili manga, karafuu na mdalasini, kwa sababu vinakupa nguvu ya kusema "leo siuzi." Sisi tunaishi kwa waya za mume wangu na kwa hesabu ninazowaandikia wafanyabiashara wawili wa mjini kupitia simu, siku ambazo mtandao upo. Shamba linatulisha, lakini mahitaji ya pesa halijaweza kuyalipa. Anayehama aje na kitu kingine mkononi, ujuzi au pensheni, cha kumvusha miaka ile ya kungoja miti.

Shule nazo zina hesabu ya namna yake. Elimumsingi kwenye shule za serikali haina ada tangu 2016, lakini darasa jipya linajengwa kwa nguvu za wananchi kabla serikali haijaleta mabati. Jumamosi tunasomba mchanga na mawe. Asiyekuja anatozwa faini ndogo, na faini hiyo mtu mwenye pesa anaweza kuilipa bila kuumia. Mume wangu aliniambia mapema, "Tukilipa faini tumekwisha." Tulienda na ndoo zetu.

Na kuna jambo ambalo limenibadilisha namna ninavyoutazama mji wenyewe. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo wa maji, ndugu zangu wakawa wanapiga simu wakilalamika ankara na madumu. Maji ya Ruvu yanaanzia kwenye milima hii. Nikiwa Tabata nilikuwa nikifungua bomba na kulaumu mamlaka. Sikuwahi kuwaza kwamba bomba langu linategemea kama mtu fulani mlimani ameacha miti kwenye chemchemi yake au ameikata alime. Serikali sasa inajenga bwawa la Kidunda kuyahifadhi maji hayo, na ni jambo jema. Lakini bwawa hukusanya kile mlima ulichokubali kukitoa. Nimekaa kwenye mikutano ya kijiji ambako mkulima anaambiwa asilime mita kadhaa kutoka ukingo wa mto, na anauliza swali ambalo sijasikia likijibiwa vizuri: watu wa Dar wanatulipa nini kwa kuyaacha haya maji yapite?

Hatukuwa wa kwanza kutoka mjini kuja shambani. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya Nguvu Kazi, na watu walioonekana hawana kazi Dar walikamatwa na kupelekwa vijijini wakazalishe. Wengi walirudi mjini muda si mrefu. Husemwa walikuwa wavivu, na mimi sikubali. Walipewa jembe na kipande cha ardhi. Hawakuwa na mjomba wa kuwaonyesha mfenesi wa mpakani, wala mtu wa kuwapitia alfajiri wakapalilie pamoja. Mtu hawezi kuishi kijijini kwa jembe peke yake.

Leo kuna wimbi jingine, la hiari: wastaafu, vijana waliochoshwa na kodi, watu wanaotazama picha za ukungu wa Uluguru na kuuliza bei za viwanja. Kwao nina maneno machache. Usijenge mwaka wa kwanza. Panga nyumba, ukae masika nzima, uone barabara inavyokuwa na uone moyo wako unavyokuwa. Kabla hujauliza ekari ni shilingi ngapi, uliza nani anailima sasa na mama yake ni nani. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla hujamwaga mchanga. Nenda msibani hata kwa mtu usiyemjua, na ukae. Omba chumvi hata kama unayo, ili mwenzako naye apate ujasiri wa kuomba kwako.

Ukiona gharama hiyo ni kubwa, baki mjini bila aibu. Kuna watu wanaohitaji kulipa wakamalizana, na mji ulijengwa kwa ajili yao. Mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka mingi na sikufa. Ila usije huku ukidhani umefuata urahisi. Ukishaanza kuitwa Mama Fulani, ujue utagongewa usiku, na utatoka.